Kigawanyo

Umeme umerudi saa tatu usiku, hapa Bangwe,
na ziwa limerudi kwenye kioo
likiwa wavu uliofumwa na mtu mwenye haraka:
macho madogo madogo pembeni, yamebanana,
kila ghuba ina lake, kila mdomo wa kijito,
halafu huko kwenye kina
jicho moja pana ambalo mgebuka angepita
asijue kuna nyuzi.

Kila jicho limeandikiwa joto lake.
Gwasa, kabla hajahamia Mpanda,
aliyajumlisha yote, akagawa kwa idadi ya macho. Basi.
Miaka miwili tumelitangaza joto hilo.
Mimi ndiye niliyekuwa nikigonga muhuri.

Leo nimechukua manne tu,
nyuma ya risiti ya duka la vipuri.
Matatu ya Kibirizi, kila moja kilomita moja ya mraba:
digrii ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane.
La nne liko mbali, Kibirizi haionekani:
kilomita tisini na saba, digrii ishirini na tano.

Kwa mkono wa Gwasa: mia na tisa, gawa kwa nne,
ishirini na saba na robo.
Maji ya kumwogeshea mtoto.

Kwa mkono mwingine, kila joto kwanza lizidishwe kwa upana wake:
themanini na nne,
kisha elfu mbili mia nne ishirini na tano,
jumlisha, gawa kwa mia,
maana mia ndiyo maji yote yaliyopo.
Ishirini na tano, nukta sifuri tisa.
Nimerudia mara tatu. Kalamu haikubadili neno.

Ufukweni wako wengi, na wengi wana sauti.

Kuna na mengine.
Jicho lililokatwa na mawe ya rasi, nusu nchi, nusu maji,
lipewe nusu yake, lisidai zaidi.
Jicho lililofunikwa na wingu siku setilaiti ilipopita
halina joto la kusema;
basi upana wake nao utoke kwenye kigawanyo,
la sivyo kimya chake kitahesabiwa sifuri
na Tanganyika itaganda barafu, mwezi wa tisa,
Kigoma hii hii ambako mawese hayagandi chupani.

Naandika amri mpya. Mashine inaguna.
Na katika kungoja, sijui kwa nini,
namwona Dafroza.

Kikao cha Mwandiga, baada ya matanga.
Sita tulikaa mkekani. Wanne walikuja na treni,
mimi nilitoka hapa mjini,
yeye hakutoka popote.
Nyumba ya baba iuzwe au ibaki?
Tulihesabu mikono. Mitano kwa mmoja.
Ule mmoja ulinuka sabuni ya dawa.
Miaka kumi na moja ulimgeuza baba kitandani,
ulimkata kucha, uliujua ubavu unaouma,
sisi tukija Krismasi na mkungu wa ndizi
na simu za kupigia picha.
Hakuna aliyeuliza upana.
Kaka akasema, wengi wape,
nami niliyesomea hesabu
nikaandika muhtasari kwa mwandiko mzuri.

Mashine imemaliza.
Ziwa limepoa kwa digrii moja na ushee
bila tone lolote kubadilika.
Kesho nitamwandikia mkuu: takwimu za miaka miwili zifutwe,
sababu ni hii, aliyekosea ni sisi.
Sentensi ya kwanza ninayo.

Hiyo barua nyingine haina kanuni.
Nyumba mwenyewe mpya ameshaipaka buluu
na mkarafuu wa uani ameukata.
Namba yake naijua bila kuitafuta.
Saa tano na robo. Atakuwa macho;
miaka kumi na moja ya kuamka usiku
haimwachi mtu akalala.