Kumchunga Mchungaji

Jumapili nafika saa moja asubuhi, giza totoro.
Kwetu Aislandi mwezi huu jua huchomoza saa tano,
likijisikia.
Ufunguo ninao mimi tangu Dagbjort alipofariki.
Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa sala;
mimi nilikuwa mtu wa kuni.

Jiko la kanisa nalilisha magogo ya ufukoni,
yaliyosafiri na barafu kutoka kwa watu nisiowajua.
Kanisa la mabati mekundu, viti arobaini, waumini tisa,
kumi na mmoja mzee Ketill akiletwa na wanawe.

Kondoo wangu mia mbili na sita.
Septemba tunawashusha kutoka milimani,
nawapapasa masikio, nasoma alama,
na akipungua mmoja silali.
Mchungaji nimemhesabu lini?

Hallbera ana makanisa manne na gari moja.
Kati ya la pili na letu kuna nyika,
kilomita thelathini na nane, hakuna nyumba, simu haishiki.
Mwaka jana alimzika kijana wa meli ya uvuvi.
Jeneza lilikuwa jepesi, na sote tulijua kwa nini.
Alisimama wima. Alimshika mama mtu asianguke.
Baadaye nilimwona garini, injini ikinguruma,
vioo vimejaa ukungu, glavu mikononi,
anatafuna mkate bila kumeza.
Nilikuwa na koleo. Sikubisha hodi.
Nilizunguka nyuma nikaondoa theluji magurudumuni.
Nadhani hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza.

Kabla yake alikuwepo Brynjar, na Brynjar alikunywa.
Tulimsema zizini.
Tulimsema dukani, kwenye foleni ya sukari.
Tulimsema kwenye ngazi za kanisa lake,
chai yake ikiwa bado moto vikombeni mwetu.
Miaka kumi na tisa, na simkumbuki hata mmoja aliyemwombea.
Labda Dagbjort. Hakuniambia.
Siku alipoondoka aliacha viatu vyake vya theluji mlangoni,
vimepakwa mafuta,
kwa ajili ya atakayekuja.

Basi, Bwana, maneno ya madhabahuni sina.
Nitaomba kama ninavyohesabu, mmoja mmoja, langoni.

Matairi yake: yashike barafu.
Goti lake la kulia, linalomuuma akipanda mimbari.
Sauti yake; ikikauka, asione haya kunywa maji mbele yetu.
Usiku wake wa Jumapili,
sisi tukiwa tumeshiba neno,
naye akirudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja.
Mahubiri yake pia, ingawa, unisamehe,
ni marefu kidogo.

Na siku asipokusikia, maana nadhani ziko,
usimwache atudanganye,
wala sisi tusimdai uso wa furaha kama deni la dukani.
Mpe mtu wa kumwuliza habari
na akangoja jibu.
Kama mtu huyo ni mimi, ole wangu,
nifundishe kugonga kioo cha gari.

Na Brynjar, popote alipo. Nimechelewa, najua.
Kondoo aliyechelewa naye huhesabiwa.

Jiko limeshika. Mabati yanaanza kulia kwa joto.
Nimeacha taa ya dirisha la kaskazini.
Kule juu nyikani zinatokea nuru mbili, ndogo kama macho ya paka,
zinazama bondeni.
Nangoja.
Chai nimeichemsha; leo nimeleta vikombe viwili.
Nuru hazijapanda tena.
Nachukua koleo, natoka nje,
na lango nyuma yangu
naliacha wazi.