Kopo la Vifungo

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
mlango wa tatu baada ya fundi baiskeli,
Bi Somawathi alikuwa na cherehani moja
na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo.
Ukutani, juu ya kalenda ya kiwanda cha saruji,
Budha wake wa karatasi, macho kayafumba nusu,
na mbele yake, kila asubuhi, kisahani cha maji.
"Anakunywa?" nilimuuliza.
"Hanywi, Mhina. Ni mimi ninayejifunza kumimina."

Watoto wa shule waliijua njia.
Shati limekosa kifungo, mwalimu wa zamu ana fimbo:
mbio kwa Bi Soma kabla ya kengele.
Hakuuliza mtoto wa nani, wa dini gani.
Alizamisha vidole koponi, akasaka kinachofanana,
uzi akaukata kwa meno. Haya, kimbia.
Mimi jirani, muuza vocha,
nilimpigia hesabu asiyonituma:
vifungo kumi na viwili kwa siku, uzi, muda...
"Utafilisika kwa vitu vidogo hivi."
Akacheka. "Kidogo ndicho ninachokiweza."

Siku moja ya vuli akaja mtu
na mfuko wa rambo, viatu havina kamba.
Katoka Maweni asubuhi ile.
Miaka sita, alisema, hakuna aliyemuuliza.
Shati kifua wazi, na mama yake yuko Muheza,
hajui kama anakuja.
Hakuwa na jingine la kuvaa akivua hilo,
basi Bi Soma akamshonea mwilini,
jambo ambalo bibi yangu alilikataza, huleta ufukara.
Akamtia jani la mchicha mdomoni:
"Ng'ata, mkosi upite,"
maana hata miiko yetu aliionea huruma.
Vifungo vitano. Sindano jirani na moyo wa mwizi
(kama alikuwa mwizi; hatukujua),
naye kasimama wima
kama mtoto anayepimwa sare,
machozi yakimtiririka hadi kwenye jani.
Alipotoa noti, Bi Soma aliikunja, akamrudishia mfukoni:
"Usimpelekee machungwa, Muheza wanayo. Mpelekee mkate."

Kiswahili chetu hiki:
kifungo hufunga mtu, kifungo hufunga shati.
Sijui siku ile alikifungua kipi.

Mei iliyopita binti yake alimchukua Dar,
macho yamekwisha.
Kopo akaniachia, bila neno.
Siku tatu nililiweka chini ya meza.
Ya nne, mtoto akasimama mlangoni pangu
kashika ukosi, hasemi.
Nikajichoma kidole mara mbili.
Nikashona kifungo cheusi kwenye shati jeupe,
kikakaa upande, kama jicho lenye chongo.
"Shilingi ngapi, mjomba?"
Mdomo ulikwisha funguka kutaja bei.
Kengele ikalia. Akakimbia.

Leo nimenunua uzi mweupe.
Kopo limeshuka hadi nusu, nami sihesabu.
Naam, nahesabu.
Mara mojamoja, usiku.