Alama za Mkaa

Chupa ilikaa chini ya kitanda, mpira ukitoka ubavuni mwangu,
na kila nikivuta pumzi maji yakacheka.
Nakijwa alifika asubuhi ya kwanza, kabla ya uji.
"Mama Eliaichi, keti."
Nikamtazama kama aliyeniambia niruke ukuta.
"Kumbatia mto huu. Sasa kohoa."

Nilikohoa miaka miwili bila kuombwa.
Nilikohoa jikoni, nikasingizia kuni;
nikakohoa kanisani hadi wakanizoesha kiti cha mlangoni.
Leo naombwa, na siwezi.
Mshono umeanzia chini ya titi ukazunguka hadi mgongoni,
kila uzi unanijua kwa jina.
"Makohozi yakikaa yanaoza," akasema binti yule wa Kipare,
"na pafu lililobaki ndilo ulilo nalo."
Nikakohoa. Nikamtukana Kichaga.
Akasema asante.

Siku ya nne, ngazi.
Wageni hulipa dola wapande mlima ule pale dirishani;
mimi nimepewa vidato kumi na kimoja, bure,
nikaishia cha sita, nimeng'ang'ania chuma.
Hakunisukuma. Alihesabu tu:
vuta puani, mbili; toa mdomoni, nne,
polepole, kama unayepoza uji wa mtoto.

Akaniuliza ninataka nini.
"Kamba ya nguo," nikamjibu. "Niifikie."
Akaandika kwenye faili, wala hakucheka: kamba ya nguo.

Kushuka kutoka Kidia mara mbili kwa wiki ni nauli,
na kahawa bado iko mtini.
Basi akanipa vya nyumbani:
chupa ya maji na mrija, nipulize mapovu;
na ukuta, vidole vipande kama buibui
mpaka bega likatae, kisha kidogo tena.

Jioni mjukuu wangu Ombeni huchora kwa mkaa
pale vidole vilipokomea,
kando ya alama za kimo chake.
Wiki ya tatu akasema, "Bibi, umenipita."

Siku moja ya mvua sikufanya.
Nililalia ubavu usiouma, nikauchukia ukuta.
Akachora mstari chini kabisa, usawa wa sakafu,
akaandika: *bibi amelala*.
Sijaufuta.

Jumamosi nimeanika.
Si shuka, usinikuze.
Soksi yake moja. Mkono ulitetemeka, kibanio kikaanguka,
nikainama kukiokota, nikahesabu nne, nikarudi juu.
Ya pili aliianika mwenyewe.