Safu ya Maoni

Ghorofa ya chini kabisa, chini ya chumba cha kukaushia viatu vya skii,
seva kumi na moja zinakoroma.
Paka wa jikoni amelala juu ya ile yenye joto zaidi.
Nimetumwa kutoka Chur kuzihamishia zote winguni
kabla ya theluji ya kwanza,
na leo ni tarehe tisa Septemba.

Naandika orodha:
mfumo wa vyumba mia nne na sita,
milango na kadi zake,
mageti ya lifti za mlimani,
jiko, dobi, joto la bwawa, mishahara.
Na kompyuta moja ya kijivu, haina jina, haina hati,
imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: USIZIME.
Jumanne tuliizima, dakika nne tu.
Kengele ya kanisa la bondeni haikulia saa sita mchana.
Hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini.
Nimeandika: ibaki kwanza.

Kila kitu nakipa herufi yake.
H, kihame kama kilivyo.
J, kijengwe upya.
F, kife.
Curdin, mhasibu, anaipenda F, maana F haina ankara.
Gion-Antoni wa mapokezi haipendi hata moja.
"Na wingu likikatika, wageni wangu walale kwenye ngazi?"
Nikamwambia wingu halikatiki.
Akanitazama kama mtu aliyeishi na mawingu miaka sitini.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hilo wingu letu lina anwani,
lina mlinzi na mbwa na bili ya maji;
ni ghala la bati kando ya barabara kuu, nchi jirani,
na huko pia, bila shaka, kuna mahali pamebandikwa karatasi.

Kisha nikafika kwenye jedwali la wageni.
Safu ya mwisho inaitwa Maoni.
Herufi arobaini, si zaidi.
Aliijaza Mengia Tuor, karani wa zamu ya usiku,
tangu mwaka 1991 hadi goti lilipomstaafisha:

*Mjane. Mpe kitanda kimoja, usiseme.*
*Mwongo, lakini hulipa.*
*Huamka saa tisa. Chai iwe tayari.*
*Watoto wawili. Zamani watatu.*
*Hupiga mluzi bafuni. Asiwe karibu na wa*

hapo herufi zikamwishia.

Mfumo mpya una nafasi ya barua pepe,
ya pointi, ya uraia,
ya aina sita za mito ya kulalia.
Nafasi ya Mengia hauna.
Nimempigia Fadri, kijana wa kampuni inayotuuzia;
anasema wanasheria wameshaona,
maneno kama hayo kuhusu watu hayaruhusiwi,
yafutwe, tena yafutwe kabla ya kuhama.
Ana haki.
Nisingependa mtu aniandike hivyo.

Ndipo nikatafuta jina letu.
Tulikuja hapa mara moja tu, baridi ya 1996, nina miaka saba,
baba alikuwa ameshinda kitu fulani, au alisema ameshinda.
Chumba 118, siku tatu:

*Baba hunywa. Mtoto apewe kakao.*

Naikumbuka ile kakao.
Ililetwa mlangoni kila jioni, kikombe cha bluu, kisahani juu yake isipoe.
Nilidhani kila mtoto hupewa.

Ni saa nne usiku. Wingu, lile lingine,
limeshuka mpaka kituo cha kati cha lifti na limekaa.
Orodha ina mistari mia nne kumi na nane,
yote ina herufi isipokuwa mmoja.
Curdin ananipigia toka ghorofa ya tatu:
huu hapa, vipi, ni F?
Nimemwambia asubiri,
nachemsha maziwa.