Kalamu Kwenye Droo ya Vijiko

Eladio alikuwa akifyeka miiba nyuma ya ghala la mahindi,
lile lenye miguu ya mawe, panya wasipande.
Mvua ya Galisia ilikuwa imepumua kidogo.
Hakukiona kiota: mpira wa kijivu, chini, ndani ya miiba.
Nyigu wa miguu ya njano hawapigi hodi.

Akaingia jikoni akicheka. "Watatu tu, Sabela. Nipe siki."
Huku anajikuna viganja.

Nikaacha kumenya viazi.

Palipochomwa pakivimba, hilo ni la maji baridi na subira.
Lakini viganja havikuchomwa.
Shingo haikuchomwa, na mabaka yalikuwa yakiipanda
kama ramani ya nchi nisiyoijua.
Kisha sauti. Miaka thelathini na minane naijua sauti ile,
hata ikilewa naijua,
na sasa ilitoka nyembamba, ya kukwaruza,
kama mtu anayesemea tundu la ufunguo.
"Naona kizunguzungu. Nikajilaze kitandani."
"Usisimame!"
Sikuwahi kumfokea hivyo, hata alipouza ng'ombe bila kuniuliza.

Nikamlaza sakafuni, miguu juu ya gunia la viazi.
Droo ya vijiko.

Baba alinitoa shule nina miaka tisa, nichunge.
Barua zangu zote kaziandika Eladio.
Ila Uxía wa duka la dawa alinifundisha kalamu hii,
kwa ile ya mazoezi isiyo na sindano,
juu ya paja langu mwenyewe, Jumanne tatu:
ng'oa kifuniko; paja, upande wa nje; suruali iache;
sukuma mpaka iseme tak; hesabu kumi.
Nikahesabu kwa sauti. Saba niliitaja mara mbili.

Kisha simu. Kisha saa ya ukutani.
Dakika tano, midomo bado ya buluu,
nikamchoma ya pili.
Nikasikia pumzi ikiingia, mbaya, yenye filimbi,
tamu kuliko kinanda cha kanisani.

Hospitalini Lugo jioni alikuwa mzima, mbishi:
"Turudi. Nani atakamua?"
Daktari akakataa. Hali hii, alisema, huweza kurudi usiku,
kama mgeni aliyesahau kofia.

Muuguzi akauliza nani alimchoma dawa, saa ngapi,
akanipa fomu na kalamu ya wino.
Nikamrudishia.
Andika wewe, mwanangu.
Mimi naijua ile nyingine.