Giaboksi Tatu Juu ya Gunia

Gereji ya Nandonde haina kibao.
Ingia Chikongola, fuata harufu ya gia oili,
ukimwona mbuzi mweupe mwenye mgongo mweusi,
yule anayelala chini ya magari, umefika.

Altezza yangu iko juu ya mawe huu mwezi wa pili,
tumbo wazi. Otomatiki ilikata roho kilima cha Mikindani;
ilizoea kunichagulia gia, siku hiyo ikakosa ya kuchagua,
tukateremka kinyumenyume, mimi na gari la michezo,
watoto wa shule wakitushangilia.

Nikaapa: sasa nachagua mwenyewe, kwa mkono.

Leo Nandonde, kanga kiunoni juu ya ovaroli,
ametandaza gunia la korosho, na juu yake
giaboksi tatu zimelala ubavu.
"Chagua," anasema, anamenya ming'oko.

Ya kwanza ya Mark II.
Matundu ya bolti yanakaa sawa, kopo na mfuniko wake.
Anazungusha shafti, ananiita nitege sikio.
Moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu
inasaga kama jino lililokuta mchanga kwenye dagaa.
"Utakuwa unairuka tatu kila siku," anasema,
"mbili, kisha nne,
kama mtu anayemruka jirani kwenye salamu."

Ya pili imeshuka na basi la usiku kutoka Dar es Salaam.
Gia sita. Imeviringishwa nailoni, haina mkwaruzo.
Sikuuliza bei, bei iliniuliza mimi:
korosho zako ziko wapi?
Ziko ghalani. Stakabadhi iko mfukoni,
mnada umeahirishwa.
Niliigusa kidogo tu,
kisha nikafuta alama ya kidole kwa pindo la shati.

Ya tatu ilitoka kwenye Hilux
iliyobeba mabomba ya gesi kule Madimba.
Tuliinyanyua watu wawili na bado ikatushinda.
Injini yangu haiijui. Inataka sahani ya chuma katikati,
mshenga kati ya nyumba mbili zisizosalimiana;
propela ikatwe, sakafu itobolewe upya,
na wenzo utokee nyuma kabisa, jirani na handbreki.
"Hii haikimbii, inavuta," akasema.
"Gia ya kwanza itaisha hujamaliza bismillahi."
"Na michezo je?"
"Michezo gani, Chilumba? Bao?"

Nikapima kwa kamba. Nikapima kwa chaki.
Mwisho akaniambia nikae kwenye kiti,
yeye akaingia chini na fimbo ya ufagio,
akaichomoza pale wenzo utakapotokea.
"Haya, tia gia."

Moja, mbele. Mbili, nyuma. Tatu, mbele.
Nne:
mkono wa kushoto ukarudi, ukapita kiwiko,
ukafika ukingo wa kiti cha nyuma
na ukasimama hapo, kiganja juu.

Miaka saba otomatiki iliuacha mkono huu bila kazi.
Kazi yake ikawa kupeleka korosho nyuma, moja moja,
bila mimi kugeuka, macho barabarani,
na vidole vidogo vya Somoe vikizipokea
kuanzia Naliendele mpaka getini kwa shule.
Sasa Somoe yuko chuo Dodoma.
Akipiga simu huuliza gari limepona,
halafu salio linaisha.

"Nne!" Sauti ya Nandonde chini ya sakafu.
"Mbona huachii? Inakusumbua? Ni mbali?"

"Si mbali."

Akatoka na vumbi kwenye nyusi,
akatazama lile gunia, akanitazama mimi.
"Usiniambie unataka ya pikapu."
"Ya pikapu."
"Sahani ya chuma ni pesa taslimu, sipokei stakabadhi."
"Najua."

Akamfukuza mbuzi kwa teke la hewa,
akanipa fimbo niishikilie palepale, nisiisogeze hata nukta,
akaenda kutafuta chaki.