Tundu la Msumari

Tulisaini saa nne asubuhi. Benki ikatuachia kalamu,
deni la miaka thelathini, na funguo tatu:
mmoja haufungui mlango wowote.

Kensington, Filadelfia. Nyumba imebanwa kati ya wenzake
kama jino bovu lililokosa nafasi ya kung'oka.
Kwenye fremu ya mlango kuna tundu la risasi.
Dalali aliliita tundu la msumari.
Sikumbishia. Bei tuliiweza.

Ng'ambo, palipokuwa kiwanda cha soksi,
sasa kahawa kikombe kimoja dola saba,
na kijana bado amelala pale pale kizingitini,
sindano kando ya kiatu.
Wateja wanamruka kwa adabu.

Bi Migdalia wa jirani alikuja na fagio, si keki.
Akauliza tumelipa ngapi.
Nikataja.
Akafagia. Akafagia hata palipokuwa safi.
"Yangu niliipata kwa elfu kumi na moja,
mwaka ambao huku hakuna aliyetaka hata cha bure.
Sasa kodi ya jengo inanifuata mpaka jikoni."

Usiku ving'ora. Mke wangu akihesabu kitandani:
polisi, ambulansi, polisi.
Mimi nilikuwa na hesabu nyingine,
elfu ngapi za bei yetu
zimehamia kwenye bili yake.

Alfajiri nikatoka na fagio jipya,
lebo ya duka ikining'inia.
Bi Migdalia akaisoma lebo, kisha akanisoma mimi.
"Anzia huku," akasema.
"Takataka za hapa hufuata upepo."